Kipande Kilichozama: Niliyojifunza Pemba Kuhusu Mabaki ya Lenzi ya Jicho

Watu wengi huhesabu kwamba upasuaji wa mtoto wa jicho umekwisha pale kiini cha lenzi kinapotoka nje. Jamaa wanaosubiri barazani wakionyeshwa kile kipande cha rangi ya kahawia, mfano wa punje kubwa ya dengu, humshukuru Mungu na kuanza kufunga vyombo vya chakula kwa safari ya kurudi nyumbani. Mimi ni daktari wa macho, nimefanya kazi Pemba kwa miaka kadhaa, na makosa mawili ambayo sijayasahau niliyafanya wakati kiini kimeshawekwa juu ya shashi na mimi mwenyewe nikidhani kwamba hatari imepita. Naandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kushika kanyula, yaani mrija mwembamba wa kusafishia ndani ya jicho, na pia kwa ajili ya familia zilizoambiwa kwamba ndani ya jicho la mzee wao kumebaki kitu, nazo hazielewi kimebakije.

Lenzi ya jicho imeumbwa mithili ya tunda. Katikati pana kiini kigumu kama kokwa. Kukizunguka kuna koteksi, ambayo ni nyama laini inayonata. Na nje ya vyote hivyo kuna mfuko mwembamba, mwangavu kama kioo, ulioning'inizwa kwa nyuzi ndogo ndogo zilizofungwa pembezoni mwake pande zote. Katika upasuaji wa siku hizi tunafungua ukuta wa mbele wa mfuko, tunatoa kiini na koteksi, na tunauacha mfuko wenyewe mahali pake ili ubebe lenzi ya bandia na uuzuie ute mzito ulioko nyuma ya jicho usije mbele. Ukuta wa nyuma wa mfuko huo, pale katikati, una unene wa takriban sehemu 4 za elfu moja za milimita, yaani ni mwembamba mno kuliko ule utando unaobanduka baina ya maganda ya kitunguu. Koteksi imelala juu ya ukuta huo huo, nasi tunatakiwa kuivuta koteksi bila ya kuuvuta ukuta.

Zamani shida hii haikuwepo. Wazee wetu wanaoikumbuka miwani minene kama vitako vya bilauri wanakumbuka upasuaji ambao lenzi ilitolewa nzima pamoja na mfuko wake, hivyo hapakuwa na chochote cha kubaki, lakini pia hapakuwa na mahali salama pa kuweka lenzi mpya. Harold Ridley alipoweka lenzi ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa huko London mwaka 1949, aliuacha ukuta wa nyuma wa mfuko ili uishikilie, na kadiri lenzi hizo zilivyoenea katika miongo iliyofuata ndivyo mfuko ulivyokuwa kitu cha kulindwa kwa gharama yoyote. Nimeitaja historia hii kwa sababu wagonjwa huniuliza kwa nini tusikitoe kila kitu tukapumzika. Tunaacha mfuko kwa makusudi, na kwa kuuacha tunajitwisha kazi ya kuusafisha.

Nilisomea Moshi. Huko tulianza kwa macho ya mbuzi yaliyoletwa kutoka machinjioni, na mwalimu wetu alitukataza kuhesabu dakika mpaka tutakapoweza kusafisha mifuko kumi mfululizo bila kutoboa hata mmoja. Upasuaji wetu mwingi ulikuwa ule wa mkono, ambao hauhitaji mashine ya kusagia lenzi kwa mawimbi ya sauti. Daktari hukata handaki la upana wa milimita 6 au 7 katika weupe wa jicho, kwa kawaida upande wa juu. Kiini hupitishwa humo kizima. Kisha koteksi husafishwa kwa kanyula ya Simcoe, ambayo ina njia mbili pacha. Njia moja huingiza maji kutoka kwenye chupa iliyotundikwa juu, na nyingine huvuta kwa bomba la sindano lililoshikwa mkononi. Tundu la kuvutia ni dogo sana, karibu theluthi moja ya milimita.

Mwalimu alitufundisha kwamba tundu hilo lielekezwe juu, lionekane wakati wote, na kamwe lisielekezwe kwenye ukuta wa nyuma. Unaliingiza chini ya ukingo wa mbele wa mfuko, unaikamata koteksi kwenye mdomo wake, unangoja mpaka itakapoziba tundu, kisha unaileta katikati ya mboni na huko ndiko unakoivuta kwa nguvu. Pia alisisitiza kwamba koteksi ibanduliwe kwa kufuata duara la mfuko, kama mtu anayekomba dafu kwa kulizungusha, na isivutwe moja kwa moja kuelekea katikati, kwa sababu mvuto wa moja kwa moja huzibebesha mzigo wote nyuzi chache za upande mmoja. Niliyaandika maneno hayo daftarini, nikafaulu mtihani wake. Uzito wake niliujua baadaye.

Nilipofika Pemba nilijiona mwangalifu, kumbe nilikuwa na khofu tu. Mgonjwa mmoja wa miezi ya mwanzo alikuwa bibi kutoka Konde. Kiini kilitoka vizuri, koteksi ya pande tatu ikatoka, lakini iliyokuwa chini ya mkato, juu kabisa, haikukubali. Sisi hutaja sehemu za jicho kwa kufuata uso wa saa, na hapo ndipo penye namba 12, mahali ambapo kila mwanafunzi hulalamikia. Kanyula inapita kwenye mkato huo huo, kwa hiyo ili kuifikia koteksi ya hapo inakubidi uikunje njia yako mwenyewe, konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, inajikunja, huoni vizuri, na mfuko unakaribia tundu. Nilijaribu mara mbili, nikaiacha, nikaweka lenzi, nikamfunga jicho.

Siku ya tatu aliletwa na mwanawe wa kike akiwa ameinamisha kichwa kwa maumivu. Jicho lilikuwa jekundu, konea imeingia ukungu, na kwenye mboni palikuwa na kitu cheupe kama pamba iliyolowa, kwa sababu koteksi iliyobaki hunyonya maji ikavimba, na ikionekana siku ya tatu huwa kubwa kuliko ulivyoiacha. Presha ya jicho ilikuwa imepanda sana. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa uambukizi wa ndani ya jicho, na nawasihi vijana waanzie hapo kila mara. Maumivu yanayozidi, uoni unaoshuka na usaha chini ya konea havitakiwi kuitwa mabaki ya lenzi mpaka uambukizi uwe umekataliwa kwa uhakika, kwa sababu uambukizi huweza kulipoteza jicho kwa muda mfupi sana, na mgonjwa anayetibiwa kwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, peke yake wakati ana vijidudu ndani amepotezwa. Nilimpigia simu daktari mkubwa aliyeko Unguja, tukapitia dalili moja baada ya nyingine, na baada ya kujiridhisha nikaanza matone ya steroidi kila saa, matone ya kupanua mboni na dawa ya kushusha presha. Siku iliyofuata nikamrudisha thieta kumsafisha.

Safari hii sikuingilia kwenye mkato wa juu. Nilitoboa njia ndogo ya pembeni, penye namba 9, nikapitisha kanyula hapo, na koteksi iliyonishinda siku ile ikaja bila ugomvi. Nilikaa nikiitazama ndani ya bomba la sindano, nikajiuliza kwa nini sikutoboa kijitundu hicho tangu siku ya kwanza. Bibi aliona vizuri baada ya wiki tano, lakini alilala wodini siku sita asizopaswa kulala, na binti yake alikosa siku hizo zote za kuchuma karafuu katika msimu ambao ndio unaolipa mahitaji ya skuli ya watoto wake. Hakunidai chochote. Mimi ndiye niliyehesabu.

Tangu hapo nilijifunza njia nyingi za kuifikia koteksi ya chini ya mkato, na napenda kuzitaja kwa sababu mtu anayejua moja tu hukimbilia nguvu pale inapomshinda. Ipo kanyula iliyopindwa kama ndoano, ambayo hugeuka na kuchungulia nyuma. Ipo ya kutumia mikono miwili, ambapo maji yanaingia kwa kijitundu kimoja na kuvuta kunafanyika kwa kingine, na ukishindwa upande mmoja unabadilisha mikono. Ipo ya kuisugua irisi, lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni, taratibu kutoka juu ili koteksi ilegee. Ipo ninayoipenda kuliko zote pale mfuko ulipo mzima, nayo ni kuiweka kwanza lenzi ya bandia ndani ya mfuko kisha kuizungusha, ili mikono yake iikwangue koteksi pembezoni na wakati huo huo lenzi yenyewe iuzuie ukuta wa nyuma usisogelee tundu. Lakini kabla ya zote hizo ipo hatua ya mwanzo ambayo wengi huifanya kwa pupa, yaani kupitisha maji kati ya mfuko na koteksi kabla kiini hakijaguswa. Maji yale yakizunguka vizuri, koteksi hubanduka mapema, na nusu ya kazi ya mwisho huwa imeshafanyika.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Baada ya yule bibi wa Konde nilikula kiapo kwamba sitaacha hata uzi mmoja wa koteksi ndani ya jicho la mtu, na kwa miezi kadhaa kiapo hicho kilinipa sifa. Kisha akaja mzee mmoja kutoka Kengeja, umri wake zaidi ya miaka sabini, mboni ya jicho la kushoto nyeupe kama nazi. Ilikuwa Jumanne, alikuwa wa saba katika orodha ya siku hiyo, na nilikuwa nikifikiria boti ya jamaa waliotoka mbali.

Dalili zilikuwepo nami nilizipita. Nilipoanza kufungua ukuta wa mbele wa mfuko ulijikunja badala ya kukatika, na irisi ilikuwa ikitetemeka kidogo kila jicho lilipotikisika. Yote mawili yanasema jambo moja, kwamba nyuzi zinazoshikilia mfuko zimelegea. Niliendelea. Handaki nililolikata lilikuwa jembamba kwa kiini kikubwa namna ile, kikavunjika mdomoni, nikatoa kipande kikubwa, nikatoa cha pili, nikaviweka juu ya shashi bila kuviangalia tena. Laiti ningevipanga pamoja, ningeona kwamba ukingo mmoja umepungua. Mkunga hamruhusu mzazi kuondoka mpaka akague kondo la nyuma kuona kama limetoka zima, naye hulifunua kwa mikono yake hata kama zamu yake imekwisha. Mimi, daktari bingwa, sikufanya na kiini kile anachofanya mkunga kila usiku. Kipande kilikuwa kimejificha nyuma ya irisi.

Nikaingia kusafisha koteksi. Nilivuta moja kwa moja kutoka chini kuelekea katikati, kwa haraka, jambo ambalo jicho lenye nyuzi imara lingelisamehe. Nilipofika penye namba 12 ukabaki uzi mmoja, mwembamba, ambao pengine ungeyeyuka wenyewe kwa wiki chache. Niliufuata. Ghafla niliona mikunjo midogo ikitawanyika kutoka kwenye tundu la kanyula kama miale ya nyota. Hiyo ndiyo alama kwamba umeukamata mfuko wenyewe, na kila kitabu kinasema usivute, usisogee, rudisha maji kwa bomba la sindano ili mfuko uachiliwe. Nilikuwa nalijua hilo, lakini mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuvuta, na ilikuwa kitambo cha pumzi moja tu. Chumba cha mbele, yaani nafasi iliyo kati ya konea na irisi, kikaingia kina kwa ghafla, mboni ikapanuka, na katikati ya ukuta wa nyuma pakaonekana mwanya wenye kingo zinazong'aa.

Kilichofuata ni kosa la tatu ndani ya dakika moja: kwa mshituko niliichomoa kanyula. Unapoichomoa, maji hutoka, presha ya mbele hushuka, na ute wa nyuma husukumwa kufuata njia iliyo wazi. Ilinipasa kuituliza kanyula mahali pake, kumwambia msaidizi ayafunge maji, kuingiza jeli kwa njia ya pembeni ili iujaze mwanya na kuurudisha ute nyuma, ndipo nitoe kifaa. Kutotoa mkono baada ya kosa ni jambo gumu kwa sababu mwili wote unataka kukimbia, na nadhani linahitaji kufanyiwa mazoezi kwenye macho ya mbuzi kama tunavyofanyia mazoezi hatua nyingine zote.

Wakati ule ndipo kile kipande cha kahawia kilipotokeza chini ya irisi, kikasogea mpaka kwenye mwanya, kikaanza kuzama. Kilishuka polepole, kikizunguka. Mkono wangu ulishika kijiko cha kutolea kiini na ulikuwa unaelekea kukifuata pale muuguzi wangu, mama mtu mzima aliyefanya kazi thieta miaka mingi kuliko mimi, aliponigusa kiwiko na kusema kwa sauti ya chini, "Daktari, kiache." Nilikiacha. Kufuata kipande ndani ya ute kwa kijiko, au kumwaga maji kwa nguvu ili kielee, huuvuta ute, na ute umeshikamana na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kipande kilichoanguka hutolewa siku nyingine, na kwa mkono mwingine. Retina iliyochanika ni msiba wa namna nyingine kabisa.

Hatukuwa na mashine ya kukata ute siku hiyo. Niliusafisha ute uliokuja mbele kwa sponji ndogo na mkasi, nikiinua kidogo na kukata karibu na jeraha bila kuvuta, kazi ya polepole ambayo si nzuri kama mashine inayokata kwa kasi na kuvuta kwa upole, lakini ilikuwa ndiyo iliyokuwepo. Palipo na dawa ya triamsinoloni, tone lake huupaka ute weupe ukaonekana, na tangu siku ile chupa yake haikosekani kwenye meza yangu. Koteksi iliyobaki karibu na mwanya niliitoa kwa kuvuta pasipo maji, chini ya jeli, kidogo kidogo. Ya mbali sikuigusa. Sikuweka lenzi. Nikafunga jeraha kwa uzi, nikabaki nimekaa kwenye kiti.

Niliwaza kumwambia mzee kwamba "kumetokea hitilafu kidogo". Maneno ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi kwa wenzangu, na nilikuwa nayo mdomoni. Jioni nilikwenda kitandani pake, nikamwamkia, nikakaa, na nikamwambia mbele ya mwanawe kwamba ukuta wa mfuko wa lenzi umechanika mkononi mwangu, kipande cha lenzi kimeanguka nyuma ya jicho, hakitayeyuka kwa dawa, na itabidi asafiri. Mwanawe alisimama akatoka nje. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba alipokuwa kijana, akichuma karafuu, tawi lilikatika likampiga jicho hilo hilo, akalala siku tatu gizani, na tangu siku ile halikuwa na raha kama mwenzake. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu, "Hukuniuliza, mwanangu."

Kisiwa hiki kimejaa wapanda mikarafuu na wavuvi. Pigo la tawi, la kasia, la kamba ya jarife iliyokatika, hulegeza nyuzi za lenzi na miaka arobaini baadaye mtoto wa jicho hujitokeza upande huo. Swali hilo moja lingeibadilisha siku yangu nzima: ningelikata handaki pana zaidi, ningeupaka mfuko rangi ya bluu ili niuone vizuri, ningeandaa pete ya kuutanua na kuutegemeza mfuko, ningebandua koteksi kwa kufuata duara, na ningemweka wa kwanza asubuhi badala ya wa saba.

Familia nyingi huuliza kwa nini koteksi huachwa na kiini hakiachwi. Koteksi laini, ikiwa kidogo, mwili huimeza wenyewe kwa wiki kadhaa huku matone ya steroidi yakituliza uvimbe. Kipande kigumu cha kiini hakimezwi upesi namna hiyo. Kinaendelea kutoa protini ambazo mwili huzishambulia, nazo huziba njia ya kutolea maji ya jicho, presha hupanda, konea huvimba, na kitovu cha retina kinaweza kujaa maji. Hata kipande kidogo kilichobaki mbele, kwenye pembe ya chini ya jicho, huweza kujificha miezi kadhaa kisha konea ikaanza kuvimba upande wa chini bila sababu inayoonekana.

Tulimwanzishia mzee steroidi na dawa ya presha, nikaandika barua ya rufaa ya kurasa mbili nikieleza kila kitu, ikiwemo saa na kosa, maana daktari anayepokea jicho lenye barua ya mistari mitatu hulazimika kukisia. Mwanawe aliuza ng'ombe. Nauli za boti kutoka Mkoani mpaka Unguja na kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam, chumba cha kupanga, chakula cha watu wawili kwa wiki mbili, vipimo, dawa: hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho familia ilikitarajia ilipomleta mzee kwa ajili ya upasuaji wa nusu saa. Nilichangia nilichoweza, na haikutosha. Siku hizi namwambia kila mgonjwa kabla hajatia saini kwamba safari kama hiyo inaweza kutokea, ingawa hutokea kwa wachache, ili jamaa waijue mapema badala ya kuisikia mara ya kwanza wakiwa na hasira.

Niliomba ruhusa nikamfuata. Alifanyiwa upasuaji siku ya tisa, na daktari wa retina aliniruhusu nitazame kwa hadubini ya msaidizi. Vilitobolewa vijitundu vitatu, milimita 3.5 nyuma ya ukingo wa konea, mahali ambapo retina bado haijaanza: kimoja cha maji, kimoja cha taa, kimoja cha kikataji. Upasuaji wa njia hii ulianzishwa na Robert Machemer huko Miami mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa zaidi ya nusu karne umeokoa macho ambayo zamani yangeachwa. Nilidhani atakwenda moja kwa moja kwenye kipande. Hakukigusa kwa muda mrefu. Kwanza aliuondoa ute wote uliokizunguka, mpaka kikawa hakijaungana na chochote, kisha akaingiza kioevu kizito kuliko maji ambacho kilitandaa juu ya retina na kukiinua kipande kikaelea mbali nayo. Hapo ndipo alipokisaga kwa kifaa cha mawimbi ya sauti katikati ya jicho. Vipande laini vya koteksi vilitosha kukatwa na kikataji. Mwishoni aliizunguka retina yote kutafuta mchaniko, hakuukuta, akaweka lenzi inayobana kwenye irisi. Aliniambia kwamba asingeweza kufanya kazi ile kwa utulivu kama ningelikifuata kipande kwa kijiko, na nilimfikiria yule muuguzi.

Niliporudi kisiwani nilibadilisha mambo mengi, baadhi madogo. Kila kiini kinachotoka hukaguliwa ukingo wake, na kikivunjika vipande hupangwa. Kabla ya kufunga jicho ninapitisha maji kutoka vijitundu vyote viwili, kuzunguka, ili kipande kilichojificha nyuma ya irisi kitokeze. Uzi wa koteksi uliobaki juu, mfuko ukionyesha hata mkunjo mmoja, huachwa, na huandikwa kwenye kadi kwamba umeachwa kwa makusudi. Mama mmoja wa Micheweni, mshonaji wa kofia, niliachia uzi wa namna hiyo. Wiki ya kwanza ulivimba ukanitia wasiwasi, wiki ya tano haukuwepo. Kwa jamaa wa wagonjwa ninasisitiza kwamba jicho lililopasuliwa likiuma zaidi badala ya kupungua, likizidi wekundu, au uoni ukishuka baada ya kuwa umepanda, mgonjwa arudishwe siku hiyo hiyo. Asitiwe maziwa ya mama wala asali, wala asisubiri mpaka boti ya Jumamosi. Na mkiambiwa kuna kitu kimebaki, ulizeni kama ni koteksi au ni kiini, kiko mbele au nyuma, presha ya jicho ni kiasi gani, na nani atakayeliangalia jicho wiki ijayo. Daktari mwema hatachukia maswali hayo.

Mzee wa Kengeja alirudi kliniki miezi minne baadaye. Kwa miwani alisoma mstari wa nne wa ubao, ambao si wa mwisho, na aliniambia kwamba anautambua uso wangu na kwamba mimi ni mdogo kuliko alivyodhani. Kisha akaniambia jicho la kulia nalo limeanza ukungu, na kwamba angependa nilipasue mimi. Mwanawe alinitazama, nami sikujua niangalie wapi. Kabla sijamjibu nilimuuliza kama jicho hilo limewahi kupigwa na kitu chochote tangu utotoni. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema hapana. Nikamtia matone ya kupanua mboni, nikakaa naye katika chumba cha giza kusubiri dawa ifanye kazi.